Kwa Nini "Na" Inamsumbua Mtoto Katika Kiingereza

Mtoto wa sekondari amerudi nyumbani. Daftari lake la Kiingereza limejaa wino mwekundu. Mzazi anafoka: "Ati husomi!" Mtoto ananyamaza.

Ngoja kwanza. Tazama wino ule uko wapi. Mara nyingi uko kwenye maneno madogo, yale yanayounganisha maneno na sentensi.

Hapa Tanzania, watoto wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Wakifika sekondari, masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Basi mtoto hufikiri kwa Kiswahili, kisha hugeuza neno moja moja. Hapo ndipo anapokwama.

Tutazame "na". Tunasema: "Juma na Asha wamekuja." Tunasema pia: "Nilikwenda na baba." Tena: "Juma ameumwa na nyuki." Neno ni lile lile, lakini kazi ni tatu. Kiingereza kina neno lake kwa kila kazi. La kwanza ni "and", la pili ni "with", la tatu ni "by". Mtoto akiandika "and" kwenye habari ya nyuki, Mwingereza ataelewa kwamba Juma aliumwa, na nyuki naye aliumwa!

Jambo jingine ni "-ka-". Tunasema: "Alikwenda shambani, akalima, akapumzika, akarudi." Hatukutumia neno la kuunganisha. Ile "-ka-" imeunganisha yenyewe. Kiingereza hakina "-ka-" kama hii. Mtoto anatafuta kitu cha kuweka badala yake, anaokota "and". Anaiweka kila mahali: and, and, and. Mwalimu anataka mikato, kisha "and" moja tu kabla ya tendo la mwisho. Lakini msimcheke. Hata watoto wa Kiingereza wenyewe huandika hivyo wanapoanza.

Kuna na "ingawa". Tunasema: "Ingawa mvua ilinyesha, lakini mahindi yalikauka." Kwetu watu husema hivyo kila siku. Kwa Kiingereza ni kosa. Ukiweka "although", usiweke "but". Chagua moja. Wachina wanaojifunza Kiingereza hukosea hapo hapo, maana lugha yao pia hutumia maneno mawili.

Kuanza sentensi kwa "but" nako walimu wengi hawakupendi katika insha, ingawa vitabuni kumejaa.

Sasa mzazi asiyejua Kiingereza afanye nini? Mwambie mtoto akusomee sentensi yake kwa Kiswahili. Akifika kwenye "na", msimamishe. Muulize: "Hiyo 'na' ni ya nini? Ni watu wawili? Ni kuandamana na mtu? Au ni ya aliyetenda?" Akishajibu, mwache aandike upya.