Mbwa wa Ulinzi Anapokohoa

Sharia yetu imemruhusu Mwislamu kuweka mbwa kwa haja zijulikanazo: kuwinda, kulinda mifugo na kulinda shamba, na maulamaa wengi wameutia ulinzi wa nyumba katika hukumu hiyo. Kwa sababu hiyo nyumba nyingi za Waislamu, hasa za mashamba na za wafugaji, zina mbwa uani. Walakini sisi tufuatao madhehebu ya Shafii twajua kuwa mate ya mbwa ni najisi nzito, ioshwayo mara saba, moja yao kwa udongo. Basi watu wengi humwekea mnyama huyo chakula kwa mbali, kisha hawamtazami tena. Akiugua, hakuna ajuaye mpaka amekwisha kulala chini.

Hapo ndipo lilipo kosa. Hukumu ya najisi yatufundisha namna ya kujitwaharisha; haikutuamrisha kumpuuza mnyama tuliyemfunga mlangoni petu. Katika Sahihi Bukhari mna kisa cha mtu aliyeshuka kisimani, akamtekea maji kwa kiatu chake mbwa mwenye kiu, na kwa tendo hilo Mwenyezi Mungu akamghufiria. Ikiwa mbwa wa njiani ana haki ya maji, itakuwaje kwa yule akeshaye usiku ili sisi tulale?

Yafaa, basi, tuyajue maradhi ya kifua ambayo mbwa huambukizana. Kuyatambua hakuhitaji kumgusa. Macho na masikio yatosha.

Ugonjwa wa kwanza ni kikohozi cha mbwa. Huletwa na virusi mbalimbali pamoja na bakteria aitwaye Bordetella, na huenea upesi mahali mbwa wengi wanapokusanyika. Mgonjwa hukohoa kikohozi kikavu chenye mlio, kama aliyekwamwa na mfupa kooni, na pengine hutoa povu. Hata hivyo aghalabu huendelea kula na kutembea kama desturi yake, akapona katika wiki moja hadi tatu. Wanaohofiwa zaidi ni vitoto na mbwa wazee, kwani kikohozi chao huweza kugeuka nimonia.

Ugonjwa wa pili ni distempa, nao ni mzito zaidi. Virusi vyake ni jamaa ya virusi vya surua, ijapokuwa distempa yenyewe haimpati binadamu. Huruka kwa pumzi, chafya na makamasi. Mbwa huanza kwa homa na kukataa chakula. Macho hutoa matongo, pua hutoa makamasi ya maji ambayo baadaye huwa mazito kama usaha. Hufuata kikohozi, kutapika na kuharisha. Baada ya siku au wiki kadhaa wengine huanza kutetemeka misuli, kutafunatafuna taya bila ya chakula, na kuanguka kama wenye kifafa. Dawa ya kuviua virusi hivyo ndani ya mwili haipo; mganga humsaidia mgonjwa tu ili mwili wake upigane.

Asidhani mtu kuwa haya ni mambo madogo ya uani. Mwaka 1994 distempa iliingia katika mbuga ya Serengeti, na kiasi cha simba 1,000, yaani thuluthi ya simba wote wa huko, wakatoweka. Mwaka huo huo ikavuka mpaka hata Masai Mara, nchini Kenya. Wataalamu waliwatazama mbwa wa vijiji vilivyoizunguka mbuga kuwa ndio chimbuko, na baada ya hapo kazi ya kuwachanja mbwa hao ikaanzishwa. Simba mkubwa wa mwituni aliangushwa na maradhi ya mbwa asiyechanjwa.

Kinga, basi, ni chanjo. Kitoto cha mbwa huanza kuchanjwa kikiwa na umri wa wiki 6 hadi 8, na chanjo hurudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka kitimize wiki 16. Kisha hurudiwa tena kama atakavyoagiza Bwana Mifugo. Na ifahamike kuwa chanjo ya kichaa peke yake haimkingi mbwa na distempa. Muulizeni Bwana Mifugo juu ya zote mbili.

Akianza kukohoa, atengwe na wenzake. Apewe kivuli, maji safi, na chombo chake peke yake. Banda lifagiliwe, lioshwe kwa sabuni na kuachwa lipigwe na jua, kwani virusi vya distempa havivumilii hayo. Wala asipewe vidonge vya watu. Parasetamoli ni sumu kwa mbwa.

Liko jambo moja la hatari. Mbwa atetemekaye na kuanguka huenda ana distempa, na huenda ana kichaa. Kwa macho matupu hakuna awezaye kuyapambanua. Watoto wasimkaribie, naye Bwana Mifugo aitwe. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile achomwe sindano. Wala asidhani kuwa akiosha kwa ajili ya twahara amekwisha kujikinga na kichaa. Hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Enyi vijana, kazi hii yawafaa ninyi. Kila asubuhi, mpelekapo chakula, simameni kitambo kidogo mtazame: amekula cha jana? Macho yake ni safi? Anapumua kwa raha? Mkiona kasoro, mwambieni baba au mama siku ile ile. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wachungaji wema wa kila kilichowekwa chini ya mikono yetu. Amin.