Je, Wajua? Kimota Kinachokupulizia Hewa Garini

Haya, sogea hapa kwenye benchi. Kila dereva wa Nyeri, Karatina au Nanyuki anapowasha feni ya gari asubuhi ya baridi, kuna mota ndogo nyuma ya deshibodi inayoamka na kuanza kazi. Unaishika kwa mkono mmoja, lakini mambo yake ni makubwa! Shika haya, moja baada ya jingine.

Je, wajua kwamba gari la kifahari la siku hizi hubeba mota za umeme zaidi ya 100? Za vioo, za viti, za waipa, za pampu, za kupulizia hewa. Ukiketi kwenye gari kama hilo umezungukwa na mota pande zote, na huenda ukafika Nairobi bila kuisikia hata moja.

Je, wajua mota ya kwanza ilikuwa waya ndani ya zebaki? Mwaka 1821 Michael Faraday wa London alining'iniza waya, akapitisha umeme, na waya ukaanza kuizunguka sumaku wenyewe. Zimepita zaidi ya miaka 200, na kanuni iliyozungusha waya ule ndiyo inayozungusha feni yako.

Je, wajua feni iliyo ndani ya gari lako ina undugu na chai? Ichunguze: ni ngoma yenye vijipanga vingi vyembamba vilivyopangwa duara. Samuel Davidson wa Belfast, aliyekuwa mkulima wa chai huko Assam, India, ndiye aliyeipa jina la Sirocco na kuipatia hataza mwaka 1898, baada ya miaka mingi ya kutafuta njia bora ya kukausha majani ya chai.

Sasa jiulize, chai ya Nyeri inakaushwa kwa nguvu za nani? Mto Gura, unaoporomoka kutoka Nyandarua, una mtambo wa umeme wa megawati 5.8 wa wakulima wa KTDA. Umeme wake unalisha viwanda vinne: Chinga, Gitugi, Gathuthi na Iria-ini. Mto unazungusha mota, mota inazungusha feni, na feni inapuliza majani!

Je, wajua kiyoyozi cha kwanza cha kiwandani kwenye gari hakikuwa na swichi ya kukizima? Kilitoka na magari ya Packard ya Marekani mwaka 1939, kikameza nusu ya buti na kuongeza dola 274 kwenye bei. Ukihisi baridi imezidi, unasimamisha gari, unazima injini, unafungua boneti na kuutoa mkanda kwa mkono. Ndiyo, kwa mkono!

Ilichukua miaka mingine 15 kabla ya mtambo mzima wa hita na kiyoyozi kuenea mbele ya gari. Nash Ambassador ya mwaka 1954 ndiyo iliyofungua njia. Tangu hapo vita vya wahandisi vimekuwa hivyo hivyo: ifanye iwe ndogo, ifanye iwe nyepesi, ifanye inyamaze.

Je, wajua kimota hicho kina njaa? Kikiwa kwenye namba ya juu huvuta ampea 20 hivi kutoka kwa betri ya volti 12. Piga hesabu: wati 240. Hizo zingewasha balbu 24 za wati 10, nyumba nzima na banda la ng'ombe!

Na je, wajua ni mota ngapi za namna hiyo zinaweza kuendeshwa na bwawa moja la Mto Tana? Gitaru, kituo kikubwa kuliko vyote vya umeme wa maji nchini Kenya, kina megawati 225. Gawanya kwa wati 240 upate mota zaidi ya 900,000, zote zikivuma kwa wakati mmoja. Na maji hayo yanaanzia kwenu, Mlima Kenya na Nyandarua.

Tena ukiwa hapo kwa Tana, usidanganywe na jina. Mabwawa ya Seven Forks yana vituo vitano tu vya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Hesabu kwa vidole, utarudi pale pale kwa tano.

Je, wajua ukipunguza kasi ya feni kwa nusu, umeme inaoula haupungui kwa nusu? Unashuka hadi sehemu moja ya nane! Ndiyo maana wahandisi hupenda feni pana inayozunguka taratibu kuliko feni ndogo inayokimbia.

Na kelele je? Kasi hiyo ikipungua kwa nusu, kelele ya hewa hushuka kwa desibeli 15 hivi. Sikio la binadamu huona kupungua kwa desibeli 10 tu kama kelele imekatwa nusu. Umeona? Ukiokoa umeme unaokoa na masikio.

Je, wajua feni ya Nyeri ina kazi ngumu kuliko ya Mombasa? Nyeri imeinuka zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni haba kwa karibu sehemu moja ya sita. Ili ipitishe uzito ule ule wa hewa, feni ile ile lazima izunguke haraka zaidi. Panda hadi Nanyuki, karibu mita 1,950, na kazi inaongezeka tena.

Halafu ngoja uone: Mombasa kiyoyozi ni cha kukupoza, Nyeri Julai ni cha kukufanya uone njia! Kioo cha mbele kikijaa ukungu, washa kiyoyozi pamoja na hita. Kiyoyozi kinakamua unyevu hewani, hita inaipasha hewa moto, feni inaisukuma kiooni, na barabara inatokea.

Je, wajua gramu moja ya uchafu inaweza kutikisa deshibodi nzima? Chukua feni inayozunguka mara 3,000 kwa dakika. Ua la mjakaranda likiingia kupitia matundu ya chini ya waipa na kunata sentimita 5 kutoka katikati, kila gramu yake inavuta feni pembeni kwa nguvu sawa na uzito wa nusu kilo, mara 50 kila sekunde. Ukisikia "drrrr" chini ya deshibodi, muulize fundi kuhusu maua kwanza!

Na hii je? Feni nyingi za kisasa zina mapanga ambayo kwa makusudi hayakupangwa kwa nafasi sawa. Mapanga yakilingana sana, kila moja hupiga hewa kwa mpigo ule ule na kutoa mluzi. Ukiyachanganya nafasi, mluzi unavunjika kuwa mvumo laini ambao sikio halihangaiki nao.

Je, wajua kwa nini feni ya gari kuukuu hukataa namba moja, mbili na tatu, ikabaki na nne peke yake? Namba za chini hupitia kwenye rezista, zinazougeuza umeme kuwa joto ili mota ipate kidogo. Namba ya juu huenda moja kwa moja. Rezista ikiungua, zote za chini zinazimika kwa mpigo mmoja!

Tena sikia mzunguko ulioje: rezista hizo hupozwa na upepo wa feni ile ile zinayoitawala. Chujio la hewa likizibwa na vumbi la barabara za Laikipia, upepo unapungua, rezista zinachemka, zinakatika. Kichujio cha bei ndogo kinalinda mali ya bei kubwa, na kwa magari mengi kimekaa nyuma ya kisanduku cha deshibodi. Umewahi kukitazama?

Magari mengi mapya hayachomi umeme kwa rezista. Chipu inauwasha na kuuzima umeme hata mara 20,000 kwa sekunde. Kwa nini 20,000? Kwa sababu hapo ndipo sikio la binadamu linapofika mwisho. Mbwa husikia hadi karibu 45,000, kwa hiyo wewe umetulia, na yule aliye kiti cha nyuma huenda anasikia wimbo mzima.

Je, wajua kutoka Nyeri hadi Nairobi mota hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara nusu milioni? Mizunguko 3,000 kwa dakika, kwa saa tatu, ni 540,000. Kwenye mota ya kizamani, katika kila mzunguko, vipande vya kaboni viitwavyo brashi vinasugua shaba, vinatoa cheche, vinalika. Ukiifungua mota iliyozeeka unakuta unga mweusi umejaa ndani.

Mota nyingi mpya hazina brashi hata moja. Wazo la kuzungusha sumaku kwa swichi za kielektroniki lilichapishwa na Wamarekani wawili, Wilson na Trickey, mwaka 1962. Hakuna msuguano wa kaboni, hakuna cheche, hakuna unga. Kinachobaki kuchoka ni beringi.

Lakini chipu inajuaje sumaku imefika wapi gizani mle ndani? Kila mota inayozunguka ni jenereta pia! Koili iliyopumzika hutoa volti ndogo, chipu inazisoma, na papo hapo inajua zamu ni ya koili ipi. Mota inajieleza yenyewe.

Je, wajua unaweza kuhisi kelele kwa vidole kabla hujaisikia kwa masikio? Chukua mota ya sumaku iliyozimwa, izungushe polepole kwa mkono. Utaihisi ikishika na kuachia, ikishika na kuachia, maana sumaku zinang'ang'ania meno ya chuma. Wahandisi huyakata meno hayo yakae mshazari kidogo, na mng'ang'anio unalainika. Mkato mdogo tu, utulivu mwingi!

Sasa tuje kwa uzito. Je, wajua sumaku kali kuliko zote zinazouzwa leo ziligunduliwa mara mbili, pande mbili za dunia, karibu wakati mmoja? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Masato Sagawa wa Japani na John Croat wa Marekani, kila mmoja kivyake, walichanganya neodimiamu, chuma na boroni. Sumaku hizo zina nguvu karibu mara kumi ya zile nyeusi za kawaida, kwa hiyo mota ikapungua mwili bila kupungua nguvu.

Na neodimiamu yenyewe iko wapi? Iko kwetu! Kilima cha Ngualla, mkoani Songwe, Tanzania, kina akiba kubwa ya madini hayo. Hapa Kenya, Kilima cha Mrima kule Kwale kina madini ya jamii hiyo hiyo, juu yake ukiwa umesimama msitu wa kaya wa Wadigo.

Je, wajua waya mnene unaweza kuwa mwepesi kuliko waya mwembamba? Aluminiamu hupitisha umeme vibaya kuliko shaba, kwa hiyo lazima waya wake unenepe. Lakini ni nyepesi mno, kiasi kwamba koili ya kupitisha umeme ule ule hubaki na nusu tu ya uzito wa ile ya shaba.

Shika na hii. Ukitoka volti 12 hadi 48, mkondo wa umeme wa kufanya kazi ile ile unashuka hadi robo, na joto linalopotea kwenye waya ule ule linashuka hadi sehemu moja ya kumi na sita! Waya zinaweza kukonda, gari likapungua kilo. Cybertruck ya Tesla ilitoka na mfumo huo mwaka 2023.

Je, wajua gari la umeme ndilo lililoifichua kelele ya feni? Injini ya petroli ilikuwa ikiifunika miaka yote. Ilipoondoka, kimota cha deshibodi kikabaki kikisikika peke yake, na wahandisi hawakuwa na pa kujificha.

Tena gari la umeme halina joto la bure la injini. Mwaka 2019 shirika la AAA la Marekani lilipima magari ya umeme: kwenye baridi ya nyuzi 7 chini ya sufuri, hita ikiwaka, safari ilifupika kwa asilimia 41. Kwenye joto la nyuzi 35, kiyoyozi kilikula asilimia 17. Mji wa Nyeri haufiki huko kote kuwili. Hali ya hewa yenu inaipenda betri!

Wewe wa Prius au Aqua, usiondoke bado. Ubavuni mwa kiti chako cha nyuma kuna tundu lenye wavu, na ndani yake feni inayovuta hewa ya abiria kwenda kuipoza betri kubwa. Ukiliziba kwa gunia la viazi, betri inakosa pumzi. Na Prius ya mwaka 2003 ndiyo iliyoleta kompresa ya kiyoyozi inayoendeshwa na umeme badala ya mkanda wa injini, kwa hiyo baridi inaendelea hata injini ikizimika kwenye msongamano.

Je, wajua Afrika Mashariki imekuwa ikiunda magari ya umeme tangu mwaka 2011? Wanafunzi na walimu wa Makerere walitoa Kiira EV mwaka huo, na mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola la abiria 35, lenye paneli za sola juu ya paa. Huku kwetu kampuni ya BasiGo walianza na mabasi mawili ya umeme Nairobi mwaka 2022, na mwaka 2024 wakaanza kuyaunganisha Thika. Ndiyo, ile Thika unayoipita ukishuka mjini!

Na sasa kubwa kuliko zote. Umeona kwamba mota tulivu na nyepesi haizunguki bila chipu. Je, wajua kazi ya semikondakta inafanyika Nyeri penyewe? Kwenye barabara ya Mweiga, ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, iko kampuni ya Semiconductor Technologies Limited. Basi kama nyumbani kwako kuna mtoto anayefungua kila redio na kila feni ili aone ndani, usimgombeze. Mpe bisibisi, na umwonyeshe barabara ya Mweiga!