Uhunzi wa Jadi na Ufufuaji wa Vipuri vya Pikipiki Kongwe: Mtazamo kutoka Itumba, Ileje

Makala haya yanafafanua nafasi ya mhunzi pale vipuri vya pikipiki kongwe visipotengenezwa tena kiwandani. Katika Mkoa wa Songwe, ilimo Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, uhunzi una mizizi ya kale: Wanyiha wa Mbozi waliyeyusha chuma kabla ya chuma cha viwandani kuenea. Nyundo na fuawe hunakili umbo la kipuri. Ugumu wake hutokana na kuusoma moto kwa rangi. Chuma cha springi kikipozwa ghafla huwa kigumu, lakini hukatika upesi kisipopashwa tena kwa kiasi. Hivyo, stendi yaweza kukabidhiwa mhunzi. Ekseli ya gurudumu, inayobeba uhai wa mpandaji, haifai kutumika kabla ya kupimwa.