Duka la Mtandaoni Lataka Akili Iliyotulia

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia malaria, lishe ya watoto na shinikizo la damu. Mwezi huu tunapenda kuzungumzia jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni la afya, nalo ni kutawanyika kwa akili kwa wale wanaojenga biashara ya mtandaoni.

Siku hizi katika familia nyingi yupo anayeuza kitu kwa simu. Mama anauza vitenge, binti anapokea oda za keki, kijana anauza viatu vya mtumba. Picha huwekwa WhatsApp au Instagram, fedha hupokelewa kwa simu, na mzigo husafirishwa kwa bodaboda au kwa basi. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, ilisaidia sana kufungua njia hiyo. Mtu anaweza kuanza na mtaji mdogo, bila kulipa kodi ya fremu, huku akiwa nyumbani na watoto wake.

Hata hivyo biashara hii ina taabu yake. Mwenye duka la mtaani hukaa dukani, na kijiwe cha mazungumzo kiko ng'ambo ya barabara; akitaka kwenda huko ni lazima afunge mlango. Kwa anayeuza kwa simu, duka na kijiwe viko chumba kimoja. Chombo kinachomletea mteja ndicho hicho hicho kinachomletea umbea, vichekesho, matokeo ya mpira na malumbano ya siasa.

Tuchukue mfano. Mama amekopa shilingi 300,000 katika kikoba ili anunue vitenge, na marejesho ni kila wiki. Asubuhi anashika simu ajibu wateja wawili. Anamjibu wa kwanza, lakini kabla hajamfikia wa pili anaona ujumbe wa kundi la kamati ya harusi. Anausoma, anachangia neno, kisha anafungua video aliyotumiwa na shoga yake, na baada ya hiyo inakuja nyingine. Saa 5 inamkuta bado anatazama, na yule mteja wa pili amekwisha nunua kwingine. Jioni amechoka kama aliyelima kutwa, lakini ameuza kitenge kimoja. Usiku ndipo anapowajibu waliobaki, hadi saa 7. Kesho yake kichwa kizito, macho yanawasha, watoto wanafokewa bila sababu. Siku ya marejesho hana kitu, na hapo ndipo hushawishika kuchukua ule mkopo wa riba kali ambao watu wameuita "kausha damu".

KWA NINI AKILI HUTAWANYIKA

Tusimwite mama huyu mvivu. Ubongo wa binadamu hauwezi kufanya kwa wakati mmoja kazi mbili zinazohitaji kufikiri. Unachofanya ni kuruka kutoka hii kwenda ile, na kila mruko una gharama yake. Wazee walisema mshika mbili moja humponyoka.

Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alieleza kwamba mtu anapoiacha kazi kabla haijaisha na kushika nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kwenye ile ya kwanza, na hiyo ya pili huifanya vibaya zaidi. Mwaka 2008 Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, pamoja na wenzake wawili walichunguza watu waliokatizwa katikati ya kazi. Waliona kwamba watu hao walijiharakisha na hata kumaliza mapema, lakini walilipa kwa msongo wa mawazo na hasira, tena baada ya dakika 20 tu za kukatizwa. Kumbe ule uchovu wa jioni ni wa kweli, ingawa mauzo hayaonekani.

Kuna sababu nyingine inayotufanya tuchungulie simu kila mara. Mtaalamu B. F. Skinner wa Marekani alionyesha kwamba njiwa anayepata punje ya chakula bila kujua itakuja lini huendelea kudonoa kwa muda mrefu bila kukoma. Simu nayo ni hivyo. Mara nyingi unafungua hukuti kitu, lakini mara moja moja unakuta oda au habari tamu, na mara hiyo moja inakurudisha tena na tena. Tena muuzaji anayo sababu nzuri ya kuchungulia, maana huenda ni mteja. Kwa hiyo yeye yumo hatarini kuliko mtu mwingine.

Hebu tupige hesabu. Mtu akichungulia mambo yasiyo ya kazi mara 30 kwa siku, na kila mara akatumia dakika 4, atakuwa amepoteza saa 2. Kwa siku 6 za kazi ni saa 12.

MADHARA KATIKA MWILI

Kazi iliyopotea mchana huibiwa kwenye usingizi. Mtu mzima anahitaji kulala angalau saa 7 kila usiku. Akipungukiwa siku nyingi mfululizo, kumbukumbu hupungua, hasira huwa karibu na shinikizo la damu huweza kupanda. Mwanga wa simu usiku huuchelewesha mwili kujiandaa kulala. Macho nayo hukauka na kuwasha, kwa kuwa mtu anayekodolea kioo hupepesa kope mara chache kuliko kawaida.

Jambo kubwa zaidi ni kazi isiyo na saa ya kufunga. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa taarifa kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko ya anayefanya saa 35 hadi 40. Hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo nayo huzidi kwa asilimia 17. Duka la simu lisilofungwa huweza kumfikisha mtu huko bila yeye kutambua.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, andika kazi za kesho kabla ya kulala. Tumia daftari, wala si simu, kwa sababu ukifungua simu ili uandike, utakutana na mengine. Kazi tatu muhimu zatosha, kwa mfano kupiga picha za mzigo mpya, kujibu wateja na kufunga hesabu.

Pili, weka saa maalumu za wateja, kama saa 3 hadi 5 asubuhi na saa 10 hadi 12 jioni, na uwatangazie. Programu ya WhatsApp Business, iliyotolewa mwaka 2018, inaweza kumjibu mteja yenyewe wakati haupo, na inakuwezesha kupanga bidhaa na bei zake mahali pamoja. Ukifanya hivyo hutalazimika kujibu swali la "bei gani?" mara 40 kwa siku.

Tatu, zima milio ya makundi yote yasiyo ya biashara. Msiba na ugonjwa watu hupiga simu. Mengine yanaweza kungoja jioni. Mwenye uwezo atenge laini ya biashara katika simu yake ya peke yake.

Nne, fanya kazi kwa vipande. Francesco Cirillo, Mwitalia, alipokuwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980, alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya kupima dakika 25 za kazi, kisha akapumzika dakika 5. Saa yoyote ya ukutani yatosha. Katika zile dakika 5 simama, nyoosha mgongo, kunywa maji. Usipumzike kwa kutazama simu.

Tano, yapumzishe macho. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20.

Sita, funga duka. Saa moja kabla ya kulala simu iwekwe mbali na kitanda. Na siku moja katika wiki isiwe ya biashara.

FAMILIA ISAIDIE

Mara nyingi watu wa nyumbani hudhani anayeshika simu anacheza. Humtuma dukani, humwita kila dakika, au humpa mtoto ambembeleze. Yafaa mume, mke na watoto wajue saa za kazi za mwenzao na waziheshimu, kama wanavyoheshimu saa za mwalimu aliye darasani. Naye muuzaji akisema "niko kazini", basi awe kazini kweli, maana watoto humwona anapocheka na video, na siku nyingine hawatamwamini.

Akizoea hayo kwa wiki chache na bado hapati usingizi, kichwa kinamuuma mara kwa mara, au moyo umejaa huzuni na woga kwa zaidi ya wiki 2, aende kituo cha afya akapimwe na kueleza hali yake. Asione haya.

Mtaji wa vitenge ukiisha unaweza kukopwa tena. Afya na utulivu wa akili havikopwi kwenye kikoba. Leo usiku, kabla ya kulala, chukua daftari uandike zile kazi tatu za kesho, kisha uiache simu sebuleni.