Tope la Naivasha na ukame wa miaka 80

Chini ya Ziwa Naivasha la Kenya, upande wa mashariki, limezama shimo la volkano ya zamani. Sehemu ya ukingo wake imechomoza juu ya maji, nayo ndiyo inayoitwa Crescent Island. Ziwa lenyewe ni la kina kifupi. Mvua zikikata kwa miaka mingi, sakafu yake hubaki wazi, tope likakauka na kupeperushwa na upepo. Ndani ya shimo lile, hata hivyo, maji hubaki. Kwa sababu hiyo tope lililotuama humo, tabaka juu ya tabaka, halikukatika kwa zaidi ya miaka 1,000, na watafiti wa hali ya hewa ya kale walilifuata hapo.

Mwaka 2000 Dirk Verschuren wa Ubelgiji, pamoja na Kathleen Laird na Brian Cumming, walichapisha katika jarida la Nature yale waliyoyasoma kwenye tope hilo baada ya kulichomoa kwa bomba refu. Namna walivyolisoma inafaa kuelezwa, maana watu wengi huambiwa tu kwamba "wanasayansi wamegundua" bila kuonyeshwa wamegunduaje. Katika kila tabaka walitafuta masalia ya viumbe. Kundi la kwanza ni diatomu, mwani wa chembe moja wenye ganda la silika lisilooza. Kundi la pili ni viluwiluwi vya wadudu wadogo wanaofanana na mbu lakini hawaumi. Mwili wa kiluwiluwi huoza, ila kichwa chake ni kigumu na hudumu topeni karne nyingi. Kila spishi ina maji yake. Baadhi hustawi ziwa likiwa limejaa na maji yake ni matamu, nyingine hushamiri ziwa likinywea na maji yakaanza kuwa ya chumvi. Ukizihesabu tabaka kwa tabaka, na ukajua umri wa kila tabaka kwa kupima kaboni na risasi zenye mionzi, unapata historia ya mvua ya nchi ambayo haikuwa na kituo hata kimoja cha kupimia mvua.

Historia yenyewe inashtua. Kati ya mwaka 1000 na 1270 hivi, nchi inayoizunguka Naivasha ilikuwa kavu kuliko leo. Kisha zikaja karne za mvua nzuri hadi karibu mwaka 1850, lakini zilikatizwa na vipindi vitatu vya ukame: takriban 1390 hadi 1420, 1560 hadi 1625, na 1760 hadi 1840. Vyote vitatu vilikuwa vikali kuliko ukame wowote uliorekodiwa katika karne ya 20. Kipindi cha mwisho kilidumu karibu miaka 80. Si kwamba mvua haikunyesha kabisa kwa muda wote huo. Miaka mibaya ilifuatana kwa wingi kiasi kwamba ziwa halikupata nafasi ya kujaa tena, na mtu aliyezaliwa mwanzoni mwa kipindi hicho aliweza kuzeeka na kuzikwa bila kuiona nchi ambayo babu yake alimsimulia.

Tope haliko peke yake katika ushahidi huu. Kisiwani Roda, mjini Cairo, kuna kisima chenye nguzo ya mawe iliyochongwa alama, ambako Wamisri walipima kina cha Mto Nile tangu karne za mwanzo za Uislamu. Gharika ya Nile hutokana zaidi na mvua za nyanda za juu za Ethiopia. Kina cha chini kabisa, kile kinachopimwa kabla ya gharika kuanza, hutegemea zaidi maji yanayotoka kwenye Maziwa Makuu kupitia Nile Nyeupe. Vipimo hivyo vya chini, basi, vilivyoandikwa na makarani wa Cairo, ni habari za mvua za kwetu. Katika miaka ya 1970 mwanahistoria Ralph Herring alivilinganisha na masimulizi ya jamii za Kiluo za Uganda kuhusu njaa kuu iliyoitwa Nyarubanga, akaiweka mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17. Miongo miwili baadaye tope la Naivasha likatoa jibu lilelile bila kuulizwa. Kwa muda mrefu masimulizi ya wazee yalichukuliwa kuwa hadithi za kuotea moto, kwa hiyo makubaliano haya ya mdomo, jiwe na tope yanapaswa kutangazwa kwa sauti kubwa.

Ila kuna tahadhari moja, na ndiyo ufunguo wa mengine yote. Ukame haukushika kila mahali kwa wakati mmoja. Tope la Ziwa Edward, mpakani mwa Uganda na Kongo, linaonyesha ukavu wa muda mrefu kuanzia karne ya 15 hadi katikati ya karne ya 18 hivi, karne ambazo Naivasha kwa sehemu kubwa ilikuwa na maji. Hali ya Bahari ya Hindi inaweza kuleta mvua upande mmoja na kuunyima mwingine. Hata bila kwenda mbali kiasi hicho, mlima na tambarare inayoutazama huishi katika hali mbili za hewa. Mtu aliyekuwa na ndugu, rafiki au haki ya malisho mahali pengine alikuwa na akiba ambayo haikuoza ghalani.

Jamii za zamani za Afrika Mashariki zilikabili ukame kwa kupanga mambo mapema: nani ana haki ya maji yakipungua, na nani atampokea nani mvua ikikata. Mipango hiyo haikuzuia vifo. Masimulizi hayafichi kwamba watu walikufa, tena wengi. Lakini iliwezesha jamii kuvuka vipindi ambavyo, kwa vipimo vya Naivasha, sisi hatujawahi kuvionja.

Tazama milima ya Upare. Huko maji ya vijito hukusanywa kwenye ndiva, bwawa dogo la udongo na mawe lililojengwa mtelemkoni. Jioni tundu la kutolea maji huzibwa, na kijito kinachotiririka usiku, ambacho kingepotea bondeni watu wamelala, hujaza ndiva. Asubuhi tundu huzibuliwa. Maji yanatoka kwa nguvu ambayo kijito chenyewe hakina, yanafika mashamba ya mwisho wa mfereji badala ya kunywewa na ardhi njiani. Ukubwa wa ndiva unalingana na maji ya usiku mmoja, basi. Haiwezi kuhifadhi maji ya msimu, wala haikukusudiwa kufanya hivyo. Inachohifadhi ni zamu. Kila aliyeshiriki kuijenga na kuizibua matope kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, ana siku yake, na asiyefika kazini bila udhuru hulipa faini au hupoteza zamu. Uchagani mifongo, yaani mifereji, ilichimbwa kwa utaratibu unaokaribiana na huo, ukoo wa aliyeichimba ukibaki na usimamizi. Kwa Wasonjo, yaani Batemi, kaskazini mwa Tanzania, ugawaji wa maji ulikuwa ndio kazi kuu ya baraza la wazee na chanzo cha mamlaka yao.

Si mbali na Usonjo, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa katika wilaya ya Monduli, yako magofu ya Engaruka. Kuanzia karibu karne ya 15 hadi ya 18 watu waliishi hapo katika vijiji vilivyojengwa juu ya vitako vya mawe, wakalima mtama kwa umwagiliaji kwenye eneo linalokadiriwa kufika hekta 2,000, mahali ambapo mvua peke yake haitoshi kulisha shamba. Maji yalitoka kwenye mito inayoshuka kutoka nyanda za Ngorongoro zenye misitu. Watafiti wa miaka ya karibuni, Daryl Stump na Carol Lang miongoni mwao, wamechimba mashamba yale na kuonyesha jambo ambalo wageni wa mwanzo hawakuliona: udongo wa mashamba mengi ulitengenezwa. Wakulima walipanga mawe kuvuka njia ya maji, mto ulipofurika tope likanaswa nyuma ya mawe, kiwango kikapanda, wakaongeza mawe mengine. Mmomonyoko uliokuwa ukiliharibu genge la juu uligeuzwa kuwa shamba huku chini. Kizazi kilichopanga safu ya kwanza ya mawe hakikuvuna faida yote ya kazi hiyo.

Engaruka iliachwa karne ya 18 au mwanzoni mwa ile ya 19, na wapo wanaoutaja ukame mkuu wa wakati huo kana kwamba umemaliza maelezo. Maelezo hayo hayanitoshi. Jamii iliyoishi hapo karne tatu kwa maji ya mito michache tayari ilikuwa imezoea miaka mikavu. Wakati huohuo Wamaasai walikuwa wakitanda katika nyika zote zinazoizunguka, na mkulima aliyezingirwa hana tena pa kupeleka ng'ombe wala pa kuomba mtama mto unapokauka. Ukame uliogonga jamii yenye milango wazi na ukame uliogonga jamii iliyofungiwa ni mambo mawili tofauti, hata kama kipimo cha mvua ni kilekile.

Wafugaji wenyewe walikuwa na milango yao. Mmaasai mwenye busara hakuacha ng'ombe wake wote kwenye boma moja. Aliwagawa kwa marafiki na wakwe walioishi mbali, ili ukame au ugonjwa ukifagia upande mmoja, mbegu ya kundi ibaki kwingine. Pamoja na hayo kulikuwa na uhusiano uitwao osotua, ambamo mtu humwomba mwenzake mnyama kwa sababu tu amepungukiwa, na mwenzake humpa anachoweza bila kuandika deni. Kinachozingatiwa ni haja ya anayeomba na uwezo wa anayeombwa. Wapokot nao walikuwa na tilia, urafiki wa kubadilishana ng'ombe uliounganisha wenye mashamba ya mlimani na wafugaji wa tambarare.

Wakamba walisafiri. Mwaka wa njaa walikwenda kuthuua, yaani kutafuta chakula kwa jamii za milimani zilizopata mvua, wakipeleka mifugo, chumvi, mishale na nguvu zao za kazi. Katika miaka ya 1830 baadhi yao waliokimbia njaa walijenga makazi nyuma ya Mombasa, karibu na Rabai. Mwanahistoria John Lamphear ameonyesha kwamba njia na urafiki wa safari hizo za chakula ndivyo vilivyokua na kuwa biashara kubwa ya pembe za ndovu, ile iliyomfanya Kivoi wa Kitui kuwa mtu mashuhuri wakati mmisionari Ludwig Krapf alipomfikia mwaka 1849. Tusizipambe safari hizo. Kwenye familia zilizokosa kitu cha kubadilisha, wasichana na watoto waliachwa rehani kwa wenye chakula, na si wote waliokombolewa.

Sasa linganisha na mwisho wa karne ya 19. Ukame wa 1897 hadi 1900 ulikuwa mfupi ukilinganishwa na ule wa kwenye tope, lakini Ukambani unakumbukwa kwa jina la Yua ya Ngomanisye, njaa iliyoenea kila mahali. Mwanahistoria Charles Ambler, aliyefuatilia miaka hiyo katikati ya Kenya, anaeleza jinsi mtandao wa zamani ulivyokatika sehemu nyingi kwa pamoja. Sotoka ilikuwa imeua sehemu kubwa sana ya ng'ombe miaka michache kabla, kwa hiyo mifugo ya kubadilishana haikuwepo. Ndui iliwafanya wenyeji kuwaogopa wageni. Misafara na wajenzi wa reli walinunua vyakula vya milimani. Mvua ilikatika kwa misimu michache, lakini mahali pa kukimbilia palikuwa pamefungwa kabla yake.

Baadaye palifungwa kwa sheria. Kwa mapatano ya mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa kwenye malisho yao ya Bonde la Ufa, Naivasha ikiwemo, ili walowezi wapate nafasi, na mwaka 1911 wale waliopelekwa Laikipia wakaamriwa kuondoka huko pia. Ardhi iliyochukuliwa ilikuwa na maji ya kudumu, nayo ndiyo waliyoikimbilia wakati wa kiangazi kirefu. Ramani ya wakoloni iliyaona malisho yasiyo na mifugo kwa msimu huo kuwa ardhi isiyo na mwenyewe.

Jambo hili halijaisha, limebadilisha ofisi tu. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya Tanzania ya mwaka 2009, maji ni mali ya umma na matumizi kama ya mfereji yanahitaji kibali. Kibali hutaja kiasi maalumu cha maji, kana kwamba kijito hutiririka sawasawa Machi na Oktoba. Ndiva haimwahidi mtu kiasi. Inampa zamu ya maji yaliyopo, yawe mengi au machache, na yakipungua yanampungukia kila mwenye zamu, wa juu na wa chini. Bonde likikauka, wenye vibali wa juu wanaweza kuchukua kiasi chote kilichoandikwa kwenye karatasi zao huku wa chini wakibaki na mfereji mtupu, na kila mmoja wao atakuwa amefuata kibali chake. Maofisa wa mabonde wanaopitia vibali hivyo wanaweza kuandika mgawo badala ya kiasi. Wazee wa mifereji ya Upare wanajua namna ya kuupima, na wengi wao bado wapo wa kuulizwa.