Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize. Nyumba ya tatu kutoka kwenu anaishi nani? Je, kuna ajuza asiyeweza kutembea? Kuna mtoto mchanga? Hulala chumba gani? Ikiwa unakuna kichwa tu, basi makala haya ni yako.

Aghalabu tukitaja maafa, tunawafikiria wazimamoto na Msalaba Mwekundu. Kweli, hao wana kazi kubwa. Lakini barabara ikikatika, watafikaje? Wa kwanza kukufikia ni yule wa upande wa pili wa ua.

Tazama yaliyotokea Japani. Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995, tetemeko la ardhi lilitikisa jiji la Kobe na viunga vyake. Zaidi ya watu 6,000 walifariki. Wengi wa waliofukuliwa hai kutoka kwenye vifusi hawakuokolewa na askari bali na jamaa na majirani. Katika mji mdogo wa Hokudan, kisiwani Awaji, wakazi walijuana hata wakajua kila mtu hulala upande gani wa nyumba. Basi hawakupapasa gizani. Walichimba pale pale alipolala mtu, na kabla ya jua kuchwa walikuwa wamemjua kila mmoja alipo.

Ujirani husaidia vipi? Kwanza, huleta habari. Onyo la redioni mtu aweza kulipuuza, lakini mama wa jirani akibisha mlango usiku na kusema, "Amkeni, mto umefurika!" nani atabaki kitandani? Pili, huleta imani. Watu wengi hukataa kuhama kwa kuogopa wezi. Anayemwamini jirani humwachia ufunguo akaondoka. Tatu, huleta vifaa. Huyu ana ngazi, yule ana kamba, mwingine ana mkokoteni wa kumbebea mgonjwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa jamani, mambo haya hayaundwi siku ya msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliwavamia watu wa Mai Mahiu usingizini, na makumi wakapoteza maisha. Saa kama hiyo si ya kuanza kuulizana majina! Mahusiano hujengwa mapema, tena kwa mambo madogo: kuazimana chumvi, kwenda matanga, kuchangia harambee. Hata chama cha akina mama, ambacho wengine hukidharau eti ni cha porojo, kina daftari la wanachama. Mafuriko yakija, daftari hilo laweza kuonyesha nani hajaonekana.

Lakini siku hizi mijini tunajenga kuta ndefu, tunaweka vioo juu yake, halafu tunajiita salama. Ukuta humzuia mwizi, ni kweli. Humzuia pia mwokozi.

Nasi wanafunzi tusijitoe. Bweni ni mtaa. Je, unajua ni nani katika bweni lako ana pumu? Nani hulala fofofo hata kengele haimwamshi? Moto ukizuka, nani atamshika mkono?

Likizo ijayo, usikae tu ndani. Bisha hodi kwa jirani, msalimie, ujue jina lake. Salamu haigharimu hata senti, lakini siku moja yaweza kuwa ndiyo kamba ya kukuvutia nje. Tahadhari kabla ya athari.