Minivani za kwanza za Chrysler

Minivani za kwanza za Chrysler ni magari ya familia yaliyotengenezwa na kampuni ya Chrysler ya Marekani kwa miaka ya modeli 1984 hadi 1990. Ziliuzwa kwa majina ya Dodge Caravan na Plymouth Voyager. Kwa mwaka wa modeli 1990 likaongezwa toleo la kifahari lililoitwa Chrysler Town & Country. Siku hizi zinahesabiwa kuwa magari ya kale, na wapo watu, hasa Marekani na Kanada, wanaozimiliki na kuzikarabati. Ingawa ziliuzwa kwa wingi sana, zilizobaki katika hali nzuri ni chache. Ugumu wa kuzifufua hauko hasa kwenye injini, bali kwenye siti, plastiki na mapambo ya ndani.

Asili

Gari dogo lenye umbo la sanduku na nafasi ya familia nzima halikubuniwa na Chrysler. Volkswagen ya Ujerumani ilianza kutengeneza Kombi mwaka 1950, na Fiat ya Italia ilitoa 600 Multipla mwaka 1956. Magari hayo mawili yalikuwa na injini nyuma.

Katika miaka ya 1970 wahandisi na wakuu wa kampuni ya Ford, akiwemo Hal Sperlich, walipendekeza van ndogo inayovutwa na magurudumu ya mbele. Mwenyekiti wao, Henry Ford II, hakulikubali wazo hilo. Sperlich akahamia Chrysler mwaka 1977. Mwaka uliofuata Lee Iacocca, aliyekuwa rais wa Ford, alifukuzwa kazi naye akaenda Chrysler.

Wakati huo Chrysler ilikuwa karibu kufilisika. Mapema mwaka 1980 serikali ya Marekani iliidhamini ili ipate mikopo ya hadi dola bilioni 1.5. Fedha zikiwa haba, minivani haikuweza kusanifiwa upya kila kitu. Ilikopa injini, gia na vipuri vingi kutoka magari madogo ya kampuni hiyo, Dodge Aries na Plymouth Reliant, yanayojulikana kwa pamoja kama magari ya K. Deni lililodhaminiwa lilimalizwa kulipwa mwaka 1983, kabla ya muda wake, na tarehe 2 Novemba mwaka huohuo minivani ya kwanza ilitoka katika kiwanda cha Windsor, Ontario, nchini Kanada.

Ufaransa ilitoa Renault Espace mwaka 1984. Usanifu wake nao ulikuwa umeanzia katika tawi la Ulaya la Chrysler, kabla tawi hilo halijauzwa kwa Peugeot mwaka 1978. Undugu huo mara nyingi husahauliwa watu wanapobishana nani alitangulia.

Umbo

Katika Afrika Mashariki minivani inajulikana zaidi kupitia magari ya Kijapani kama Toyota Noah, jina ambalo Tanzania limekuwa karibu jina la aina nzima. Noah za mwanzo zilikuwa na injini chini ya siti za mbele, kama Hiace, nazo zilisukumwa na magurudumu ya nyuma. Chrysler ilifanya kinyume. Injini iliwekwa mbele, imelala kukingama, na ikavuta magurudumu ya mbele. Kwa kuwa hapakuwa na shafti ya kupeleka nguvu nyuma, sakafu iliweza kuwa bapa na ya chini, hata mtoto au mzee akaingia bila kukwea.

Gari la kawaida lilikuwa na urefu wa mita 4.47 hivi na kimo cha mita 1.64. Kipimo hicho kilichaguliwa makusudi ili liingie katika gereji ya nyumbani, ambamo van kubwa za wakati huo hazikuingia. Mlango wa kuteleza ulikuwa mmoja tu, upande wa kulia. Kwa kuwa Marekani magari hupita kulia, huo ndio upande wa kando ya barabara, na watoto walishuka bila kukanyaga njia ya magari. Siti zilikuwa tano, au saba kwa aliyelipia zaidi, na siti ndefu za nyuma ziliweza kufunguliwa na kutolewa. Mwaka wa modeli 1987 yaliongezwa matoleo marefu, Grand Caravan na Grand Voyager, yenye urefu wa mita 4.84 hivi.

Kwa nini zimebaki chache

Gari la michezo hununuliwa na mtu anayelipenda, naye hulifunika turubai. Minivani ilinunuliwa ifanye kazi. Ilibeba watoto, mbwa, mbao na mifuko ya simenti, kisha ikauzwa kwa mmiliki wa pili na wa tatu, ambao kila mmoja aliitunza kidogo kuliko aliyetangulia. Katika majimbo ya kaskazini, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, kutu ilifanya sehemu iliyobaki. Ilipoharibika gia, thamani ya gari zima ilikuwa ndogo kuliko gharama ya kuitengeneza, hivyo likapelekwa kwenye yadi ya magari chakavu. Bei ndogo, na si ubovu wa gari lenyewe, ndiyo iliyoziangamiza zilizo nyingi.

Hesabu hiyo bado ipo. Rangi mpya iliyopakwa vizuri inaweza kugharimu zaidi ya bei ya gari likishamalizika. Anayekarabati minivani kwa kutafuta faida amekosea gari. Wengi wanaoikarabati ni watu wazima waliokulia katika siti yake ya nyuma, na wanachotafuta ni gari la baba au la mama. Kuanzia mwaka 2017, yalipoanza California maonyesho ya RADwood ya magari ya miaka ya 1980 na 1990, magari ya namna hii yamepata mahali pa kuonyeshwa bila kuchekwa. Makumbusho ya Kitaifa ya Historia ya Marekani mjini Washington nayo inahifadhi Dodge Caravan ya mwaka 1986.

Injini na gia

Mnunuzi huanza kwa kuuliza ni injini gani, kwa sababu jibu hubadilisha kazi yote.

Injini ya silinda nne ya lita 2.2 iliyotengenezwa na Chrysler yenyewe ndiyo rahisi kuliko zote. Bloku yake ni ya chuma na silinda hedi ni ya alumini, hivyo ikichemka mara moja huweza kuunguza gasketi. Rejeta, pampu ya maji na thamostati ndizo za kuangaliwa mapema. Mkanda wake wa taimingi ukikatika gari husimama, lakini pistoni hazigongi valvu. Fundi hufunga mkanda mpya na safari ikaendelea. Injini ya lita 2.5 iliyoingia mwaka wa modeli 1987 ni ndugu yake, yenye mfumo wa kupuliza mafuta badala ya kabureta. Mwaka 1989 na 1990 ilipatikana hata yenye turbo. Minivani yenye turbo na gia za mkono ni adimu, na ni miongoni mwa zinazotafutwa sana.

Injini ya lita 2.6 ilitoka Mitsubishi, nayo ilitumika hadi mwaka 1987. Ilikuwa na nguvu ya kutosha siku za mwanzo, lakini kabureta yake ni tata na ina mipira mingi ya upepo inayopasuka kwa uzee. Cheni ya taimingi hupita kwenye vibao vya plastiki vinavyolika, na kelele ya kukwaruza mbele ya injini wakati wa kuwasha ni dalili ya kusimama na kulifungua. Wamiliki wengi waliing'oa kabureta ya asili na kufunga ya aina nyingine iliyo rahisi. Gari huwaka vizuri, ila mwenye gari hujikuta na tatizo jingine linaloelezwa hapa chini.

Ya tatu ni V6 ya lita 3.0, pia ya Mitsubishi, iliyoanza mwaka 1987. Hii hudumu. Kasoro yake inayojulikana ni moshi wa bluu baada ya gari kukaa limezimwa, kwa kuwa oili hupenya kwenye valvu. Mnunuzi aliyeuona moshi huo asidhani mara moja kwamba pistoni zimekwisha. V6 ya lita 3.3 ya Chrysler yenyewe ilikuja mwaka wa modeli 1990.

Kwa gia, gia otomatiki ya hatua tatu ni imara na mafundi wa zamani wanaijua. Gia otomatiki ya hatua nne, A604, iliyoletwa mwaka 1989, ndiyo iliyochafua jina la minivani hizi. Ilikuwa miongoni mwa gia za kwanza kuongozwa kikamilifu na kompyuta, na ilitoka kiwandani kabla haijakomaa. Kompyuta ikihisi hitilafu hulibakiza gari kwenye gia ya pili, ili mwenyewe afike kwa fundi polepole. Gia nyingi ziliuawa na oili. Watu walijaza oili ya kawaida ya gia otomatiki aina ya Dexron, wakati A604 inahitaji ile maalumu ya Chrysler, ATF+3 au ATF+4 iliyoirithi. Kwa hiyo anayenunua gari lenye A604 hufanya vema kubadili oili na chujio kabla ya kulaumu kitu kingine.

Magari yenye mfumo wa kupuliza mafuta yana msaada ambao haudai kifaa chochote. Ufunguo ukizungushwa kuwasha na kuzima mara mbili, kisha kuwasha na kuachwa hapo, yote ndani ya sekunde tano bila kupiga stata, taa ya injini kwenye dashibodi hupepesa. Mipepeso huhesabiwa kwa tarakimu mbili mbili. Mpepeso mmoja, kituo kifupi, kisha miwili ni 12, yaani betri ilitolewa karibuni. Namba 55 maana yake orodha imekwisha. Kwa kipande cha karatasi na kalamu mwenye gari anajua pa kuanzia.

Kwa jumla spea za injini, breki na shokapu za mbele hazisumbui sana, kwa sababu ya ule ufukara wa mwanzo. Kilichokopwa kutoka magari ya K kilitengenezwa kwa mamilioni, na vingi bado vipo madukani.

Bodi, taa na ndani

Hapa ndipo miradi mingi hukwama. Mwenye Ford Mustang ya kale anaweza kununua bodi nzima mpya, na mwenye Kombi hupata mabati ya kila pembe. Kwa minivani hizi soko kama hilo halipo. Jina la Plymouth lenyewe lilikomeshwa mwaka 2001. Kipande cha plastiki cha mlango wa nyuma, bawaba ya siti au kitasa cha rangi fulani hupatikana tu kutoka gari jingine la aina hiyohiyo. Ndiyo maana wakarabati wengi hununua magari mawili, moja la kuendesha na moja la kuchinja, na lile la kuchinja huchaguliwa kwa usafi wa ndani, hata kama injini yake imekufa.

Siti ni jambo la kuuliza kabla ya kulipa. Kwa kuwa zilitolewa kirahisi, familia nyingi zilizitoa zikaziweka pembeni, na gari likauzwa bila hizo. Minivani ya siti saba iliyobaki na mbili ina kasoro kubwa kuliko yenye injini iliyogoma.

Taa zina kinyume cha kuchekesha. Magari ya 1984 hadi 1986 yana taa nne ndogo za mstatili, mbili kila upande, moja juu ya nyingine. Hizo ni taa za kipimo sanifu na mpya bado zinauzwa. Mwaka 1987 mbele pakabadilishwa ili paonekane pa kisasa, zikawekwa taa kubwa za plastiki zilizosanifiwa kwa gari hili pekee. Plastiki hiyo hugeuka njano. Kwa hiyo gari la zamani zaidi ndilo rahisi kuangaza.

Matoleo ya bei ya juu yalibandikwa pembeni karatasi ya vinyl yenye sura ya mbao. Jua huipausha na kuipasua, na kuing'oa hudai joto na subira nyingi. Kuipaka rangi juu yake ni kosa, maana mipasuko hutokea tena. Kitambaa cha dari nacho huanguka sponji yake inapogeuka unga, lakini hicho fundi wa siti yeyote anakimudu.

Kutu hutafutwa chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu, kwenye ukingo wa mlango wa nyuma na pale juu zinapofungwa shokapu za mbele. Nyuma kuna springi za bapa kama za gari la mizigo, na mahali zinapofungwa pachunguzwe gari likiwa limeinuliwa.

Usajili na ukaguzi

Katika majimbo mengi ya Marekani gari lenye miaka 25 huweza kupewa namba za gari la kale, ambazo huwa na masharti ya matumizi. Kuhusu moshi, sheria hutofautiana. California imesamehe magari ya mwaka 1975 na kurudi nyuma tu, hivyo minivani hizi zote za petroli bado hupimwa. Hapo ndipo kabureta iliyobadilishwa humgeukia mwenyewe. Gari linaweza kuwa na moshi safi na bado likakataliwa kwa sababu kifaa hakikuidhinishwa, na ile ya asili, aliyoitupa mmiliki wa kabla yake, inabidi itafutwe tena.

Kiyoyozi kilitumia gesi ya R-12, ambayo utengenezaji wake Marekani ulikoma mwisho wa mwaka 1995 kutokana na Mkataba wa Montreal wa kulinda tabaka la ozoni. Wengi hubadili mfumo utumie R-134a, wakibadilisha na oili ya kompresa na mipira ya viungo. Ubaridi hupungua kidogo, na katika gari lenye vioo vingi kama hili, abiria wa siti ya tatu ndio wa kwanza kulalamika.